Gari la juu la familia: bei, bima na maswali yenu kutoka Nyanda za Juu Kusini

Mavuno yakishauzwa, maswali ya magari huongezeka, na mwaka huu wengi mnaulizia gari la juu linaloingiza familia nzima: Vanguard, Kluger, X-Trail, Prado. Karibu barua zote zinauliza bei kwanza, na bima inawekwa mwisho kama kitu cha kushughulikia baada ya kukabidhiwa ufunguo. Kwangu hayo ni mazungumzo mamoja. Unatafuta thamani halisi ya gari, unaisimamia mbele ya muuzaji, halafu unaisimamia tena, bila kuipunguza, mbele ya kampuni ya bima.

Shikamoo. Mimi na mume wangu tumeona Vanguard ya viti saba kwenye yadi hapa Mbeya, namba D. Wanataka milioni 27, wanasema maongezi yapo. Tuanzie ngapi bila kuonekana tunadharau mali ya mtu? (Mama wa watoto wanne, Uyole)

Marahaba, dada. Msianze na namba. Wengi wetu tukifika yadi neno la kwanza ni "mwisho ngapi?", hata boneti haijafunguliwa. Hapo muuzaji anapunguza laki tano, unashukuru, na mazungumzo yamekwisha kwa bei yake.

Kabla ya kwenda, jueni mambo mawili. La kwanza, magari ya aina hiyo, ya mwaka huohuo, yanauzwa ngapi kwingine. Angalieni matangazo kumi au zaidi, muache ya juu kabisa na ya chini kabisa. La pili, gari kama hilo likiagizwa leo kutoka Japani lingefika kwa shilingi ngapi. Mamlaka ya Mapato (TRA) wana kikokotoo mtandaoni cha kodi za magari yaliyotumika: unaweka aina, mwaka na ukubwa wa injini, kinakupa jumla ya kodi. Ongeza bei ya kulinunua kule na usafiri wa meli. Gari lenye namba D limeshatembea kwenye barabara zetu, kwa hiyo bei yake haina sababu ya kuikaribia ya lile linaloshuka bandarini sasa. Muuzaji atawaambia ushuru umepanda. Ni kweli magari ya zamani yanatozwa zaidi: yenye umri wa miaka 8 hadi 10 yanaongezewa asilimia 15 ya ushuru wa uchakavu, na yaliyozidi miaka 10 asilimia 30. Lakini huo ni mzigo wa anayeagiza leo. Mwenye gari lililoingia miaka kadhaa iliyopita alilipa kodi ya wakati ule.

Kisha mkalikague na fundi wenu, asiwe wa yadi. Mwambieni muuzaji mtafika alfajiri na asiwashe gari kabla. Baridi ya Mbeya inasaidia sana hapa, maana injini iliyochoka inajitaja yenyewe ikiwashwa asubuhi. Mkikuta boneti ina joto, ulizeni kwa nini. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Vanguard nyingi ni za injini ya 2.4, na injini hiyo inajulikana kwa kula oili ikizeeka, kwa hiyo chomoeni kijiti cha kupimia mkaone kiwango na rangi.

Baada ya hapo pandeni nalo mlima wa barabara ya Chunya, mkiwa watu saba ndani. Nasisitiza saba. Gari la viti saba likijaribiwa na watu wawili kwenye tambarare ya mjini bado halijajaribiwa. Sikilizeni gia zinavyobadilika likiwa na mzigo, mwangalie mshale wa joto, na mkishuka mpime breki.

Fundi akimaliza, mwombeni aandike kila kasoro, mpite maduka ya spea mkaulize bei. Tuseme tairi mbili zimekwisha, shokapu za nyuma zinavuja, breki pedi zimeliwa, na jumla inakuja milioni 1.8. Sasa mna la kusema. Kama magari ya namna hiyo mmeyaona yakiuzwa kati ya milioni 24 na 26, mimi ningeanzia 22.5, na ningeweka karatasi ya fundi mezani kabla ya kutaja namba hiyo. Mtu hadharauliki akionyeshwa sababu. Mkishataja, nyamazeni, mwacheni ajibu. Ikifika milioni 24 na kasoro ni hizo tu, chukueni. Akikwama juu kidogo, ombeni vitu: tairi mpya mbili, au yeye alipie gharama za kuhamisha umiliki. Wauzaji wengi hutoa kitu kwa urahisi kuliko kushusha namba.

Jambo moja zaidi: mume wako asiseme mbele yao kwamba mmeshalipenda. Mapenzi yaonyesheni nyumbani.

Dalali anataka laki tano ya "kushikilia gari" kabla sijaiona kadi. Anasema kuna mteja mwingine anakuja kesho. (Mwalimu, Mafinga)

Mwache huyo mteja wa kesho alichukue. Fedha haitoki mpaka umeona kadi halisi ya gari, umelinganisha namba ya chesi na ya injini na zilizopo kwenye gari lenyewe, na umekutana na mtu ambaye jina lake liko kwenye kadi. Ukifika hatua ya kuweka kianzio, mlipe mwenye gari kwa maandishi yanayosema fedha itarudi ikiwa ukaguzi utaonyesha tatizo. Dalali ana haki ya kulipwa kwa kazi yake, ila mkubaliane tangu mwanzo nani anamlipa na kiasi gani. Vinginevyo kamisheni yake inafichwa ndani ya bei, na unaweza kujikuta unabishana na mtu ambaye mwenye gari mwenyewe hakumtuma aseme namba ile.

Kamwene! Kuna Prado nzuri sana inauzwa na kijana, lakini kadi ina jina la baba yake aliyefariki. Familia inasema hakuna shida. Bei yake ni ya chini. (Mfanyabiashara wa mbao, Kilolo)

Kamwene, ndugu yangu. Bei ni ya chini kwa sababu hiyo hiyo. Mali ya marehemu anaiuza msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, wala mtoto aliyeshika ufunguo hana mamlaka hayo, hata akiwa mkubwa wa nyumba. Omba kuona barua ya usimamizi wa mirathi, usome jina lililomo, na huyo ndiye asaini mkataba mbele ya wakili. Ukinunua bila hiyo utakwama TRA kwenye kuhamisha umiliki, na siku ndugu wengine wakisimama kudai, gari litazuiwa na wewe utahesabiwa kuwa ulinunua kwa asiye mmiliki. Utakwama kwenye bima pia, maana ukidai fidia swali la mapema utakaloulizwa ni la umiliki. Kama familia ina nia njema, wafungue mirathi, wewe usubiri. Kama hawawezi kusubiri, tafuta Prado nyingine.

Nisafiri Dar kununua au ninunue hukuhuku? (Makambako)

Dar magari ni mengi, na penye wauzaji wengi bei huwa na nafasi zaidi. Ila hesabu nauli yako, ya fundi, malazi, mafuta ya kurudi, na dereva kama hujazoea safari ndefu. Dar hadi Mbeya ni kama kilomita 830, na mlima Kitonga utaupanda na gari usilolijua bado. Likagueni chini kwa makini, kwani hewa ya chumvi ya pwani hula vyuma. Na bima ianze Dar, kabla hujaondoka kwenye yadi. Usiseme "nitakata nikifika".

Kwa tofauti ya milioni moja, mimi ningenunua karibu na nyumbani, ambapo naweza kumuuliza fundi wa zamani wa gari hilo lilikuwa na tabia gani.

Nimenunua Kluger kwa milioni 24. Wakala mmoja ananishauri nikate bima kubwa lakini niandike thamani milioni 12 ili nilipe nusu. Mwingine anasema bima ndogo inatosha kwa mtu asiyetembea sana. Nimsikilize nani? (Mtumishi, Iringa mjini)

Usimsikilize yeyote kati yao, na huyo wa kwanza muogope zaidi.

Tuanze na bima ndogo. Hiyo ndiyo inayotakiwa na sheria kwa kila gari barabarani, na kwa gari binafsi ni shilingi 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT. Inamfidia mtu uliyemgonga au kumdhuru, lakini gari lako haligusi. Likipinduka, likiibwa au likiungua, hasara ni yako yote. Ipo pia ya katikati, inayoongeza moto na wizi. Bima kubwa inabeba yote hayo pamoja na uharibifu wa gari lenyewe, na kwa gari binafsi huanzia asilimia 3.5 ya thamani. Kwa milioni 24 ni 840,000, ukiweka VAT ya asilimia 18 inafika 991,200.

Najua ni fedha nyingi kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana nasema hesabu ya bima ifanyike kabla ya kukubaliana bei ya gari. Mwenye milioni 25 mfukoni hana gari la milioni 25. Ana gari la milioni 23 na kitu, pamoja na bima, uhamisho na matengenezo ya kwanza.

Sasa huo ushauri wa kuandika milioni 12. Utalipa 495,600, yaani utakuwa umeokoa nusu. Halafu siku moja, ukungu, lori mbele yako, uharibifu wa milioni 6. Soma mkataba wako: mara nyingi kuna kipengele kinachosema ukikatia bima nusu ya thamani, unalipwa nusu ya hasara. Utapewa milioni 3, na bado kitaondolewa kile kiasi ambacho kila mwenye bima hukibeba mwenyewe kwenye dai. Gari likiharibika kabisa, hutapata zaidi ya milioni 12. Wakala atakuwa ameshasahau jina lako. Kuandika milioni 30 nako hakukusaidii, maana hulipwi zaidi ya thamani ya gari sokoni siku ya hasara. Andika bei uliyonunulia, ambatisha mkataba wa mauziano, na kila mwaka unapohuisha ipitie upya, kwa sababu gari linashuka thamani.

Hapa pia kuna maongezi, ingawa si kwenye ile asilimia ya chini, maana hicho ni kiwango cha chini kilichowekwa na mdhibiti wa bima. Ongea kuhusu kiasi utakachobeba mwenyewe kwenye kila dai, kioo cha mbele, gharama za kuvuta gari kutoka porini, na gereji itakayotumika. Anayeishi Iringa aulize kama atalazimika kupeleka gari Dar kwa matengenezo. Majibu yote yawe kwenye maandishi.

Ukishalipa, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa mtandaoni wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, uone kama stika yako imo na kama ni ya aina uliyoilipia. Inachukua dakika chache. Nawaomba sana mfanye hivyo wote, hata kama wakala ni shemeji yako.

Ndaga kwa majibu yako. Wikiendi nikienda Mbeya huwa nabeba abiria wawili watatu wanichangie mafuta. Bima yangu ni kubwa, ya binafsi. Kuna shida? (Tukuyu)

Shida ipo, na ni kubwa kuliko hayo mafuta. Bima ya matumizi binafsi imepigiwa hesabu ya gari lisilobeba abiria wa kulipa. Ajali ikitokea pale Igawilo na abiria akamwambia trafiki alilipa nauli, kampuni ina sababu ya kukataa dai lako, na majeruhi wale watakuangalia wewe. Kubeba jirani bure hakuna tatizo. Kama unataka nauli, kata bima ya biashara na utafute leseni ya usafirishaji.

Gari nililonunua lina stika ya bima yenye miezi saba. Naendelea nayo? (Mbalizi)

Hapana, usiitegemee. Bima ni mkataba kati ya kampuni na mmiliki wa zamani. Nenda kwenye kampuni hiyo na mkataba wa mauziano, uulize kama watakubali kuihamishia kwako, na upewe maandishi. Wakikataa, kata yako siku hiyohiyo. Ukiwa kwenye shughuli hiyo, angalia pia madeni ya trafiki na ya maegesho kwa namba ya gari, maana yanafuata gari hadi kwa mmiliki mpya.

Tuna ndugu Zambia na Malawi, na gari hili tumelinunua ili twende nao misibani na harusini. Bima yetu inavuka mpaka? (Baba wa familia, Vwawa)

Peke yake haivuki. Mnahitaji kadi ya njano ya COMESA, ile jumuiya ya soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA lakini imebaki kwenye mpango huo wa bima, na Zambia na Malawi zimo. Kadi hiyo hutolewa na kampuni yenu ya bima juu ya bima mliyonayo. Inabeba madhara mtakayowasababishia watu wa kule kwa mujibu wa sheria za nchi hizo. Gari lenu lenyewe hailibebi, kwa hiyo wenye bima kubwa waombe kampuni iongeze kwa maandishi eneo la kuvuka Tunduma au Kasumulu, na wataje tarehe za safari. Ombeni mkiwa bado mjini na nafasi ya kusoma, kwa sababu pale mpakani mtauziwa chochote kinachopatikana, na mkiwa na msiba hamtabishana. Na kama gari bado lina jina la muuzaji, malizeni uhamisho kwanza.