Mdogo wangu wa Wete, usinunue programu ya zabuni bado

Juzi, siku mbili baada ya sisi kupata barua ya kupewa zabuni tuliyoihangaikia tangu mwanzo wa mwaka, kijana mmoja wa Wete, Pemba, aliniandikia: "Assalaam alaykum dada. Nina kampuni ndogo, tunatengeneza mfumo wa mahudhurio na alama za wanafunzi. Tumeomba zabuni tatu za serikali, zote tumekosa. Nasikia nyinyi mnatumia programu ya kujibia zabuni. Ni ipi, na bei gani?"

Waalaykum salaam, mdogo wangu. Mara tatu nimekuandikia jibu la mistari miwili nikalifuta. Swali lako ndilo nililouliza mimi mwaka 2018, na jibu la mistari miwili nililopewa lilinikosesha kazi ambayo mpaka leo nikiikumbuka moyo unaniuma.

Tulikuwa wanne, chumba cha kupanga Mwanakwerekwe, feni moja. Tayari tulikuwa tumeomba zabuni kadhaa za halmashauri za Bara, kwa hiyo tulikuwa na majibu mengi yameshaandikwa: mfumo unavyofanya kazi, tunavyofundisha walimu, tunavyolinda taarifa za watoto. Ndipo ikatoka zabuni ya taasisi moja ya umma hapa kwetu Zanzibar, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi kwa skuli za Unguja na Pemba. Mimi ni mzaliwa wa Chake Chake. Niliitaka kazi ile kama mtu anavyotaka kuwajengea wazee wake nyumba.

Muda ulikuwa mfupi, nikaamua kununua. Programu hizi zipo nyingi. Loopio ya Canada na Responsive ya Marekani ni miongoni mwa zinazojulikana, na kazi yao inafanana. Unapandisha kabrasha la zabuni, programu inalikata swali kwa swali, inatafuta kwenye maktaba ya majibu yako ya zamani, inakuletea linalofanana, inamgawia kila mtu sehemu yake na kukuonyesha nani amechelewa. Huko zinakotoka zina maana kubwa. Marekani wilaya ya elimu au chuo kikuu humtumia muuzaji maswali marefu kuhusu usalama wa taarifa za mwanafunzi, kwa sababu wana sheria yao ya FERPA tangu mwaka 1974, na maswali yanajirudia kutoka taasisi moja hadi nyengine. Ukilijibu vizuri mara moja, unalitumia mwaka mzima.

Tukalipia kwa dola. Tukamimina majibu yetu yote ya Bara ndani ya maktaba ile.

Swali moja lilisema: eleza mfumo wako unavyomfuata mwanafunzi kutoka msingi kwenda sekondari. Programu ikaleta jibu, limewekewa alama ya kijani, maana yake limeshahakikiwa. Mwenzangu akalipitisha. Mimi nikaona kijani, nikapitisha. Jibu lilieleza kwa ufasaha mkubwa jinsi mwanafunzi anavyomaliza darasa la saba, matokeo yanavyotoka NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, na shule mpya inavyompokea.

Wewe wa Wete umeshaona. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliweka msingi miaka sita. Mwaka ule wa 2018 watoto wetu walikuwa wakifanya mtihani wa darasa la sita, na mtihani huo, pamoja na wa la nne na wa kidato cha pili, ulikuwa wa Baraza la Mitihani la Zanzibar. NECTA tunakutana nayo kidato cha nne na cha sita. Mimi nimesoma humu humu, nimekaa kwenye madawati hayo hayo, na nimetia saini karatasi inayosema la saba. Kabrasha zima liliandikwa "shule". Hata pahala pamoja hapakuwa na neno letu, "skuli".

Baada ya matokeo nilikwenda kuuliza kwa adabu tumekosea wapi. Mzee mmoja akanitazama kwa huruma, akaniambia: "Binti yangu, hivi ulituandikia sisi au ulimwandikia mtu mwengine?" Nilishuka ngazi zile sioni mbele. Nilipanda daladala bila kujua inakwenda wapi, nikajikuta Amani.

Nimeishi na maneno yale miaka yote hii. Programu haikukosea chochote. Ilitafuta jibu linalofanana na swali ikalileta. Sisi ndio tuliompa kazi ya kukumbuka mtu asiyeijua Zanzibar.

Mwaka uliofuata tulikosa nyengine kwa jambo dogo zaidi. Kabrasha lilitaka zabuni yetu ibaki halali siku 120, barua iliyotoka maktabani ilisema 90. Tulitupwa kabla hata bei yetu haijatazamwa. Baada ya hapo nikaacha kulipia, tukarudi kwenye Excel kwa miaka miwili.

Excel ndiyo iliyotusomesha. Kila jibu lilikaa kwenye mstari wake, na pembeni tukaongeza safu tatu: nani mwenye jibu hili, lini alilisoma mara ya mwisho, na ni la wapi, Zanzibar au Bara. Jibu lisilo na mwenyewe halitumiki. Jibu lililopita miezi sita bila kusomwa linarudi kwa mwenyewe kwanza. Namba zote, za siku, za bei, za dhamana ya zabuni, hazikai maktabani kabisa. Zinasomwa upya kwenye kabrasha lenyewe na watu wawili, mmoja anasoma kwa sauti, mwengine anaandika. Wenzangu walilalamika kwamba ni kazi ya chuoni, chuo cha Qur'ani. Ndiyo, ni ya chuoni, na aliyesoma chuoni anajua kwa nini mwalimu anakurudisha kwenye aya ile ile.

Sasa tumerudi kwenye programu ya kulipia, na hii mpya ina akili mnemba inayoandika rasimu. Inanisaidia sana, sisemi uongo. Lakini safu zetu tatu tumehama nazo, na kila rasimu ina mwenyewe mwenye jina.

Karatasi pia zina tarehe, na nahisi hapa ndipo wewe ulipoanguka, ingawa hukusema. Usajili wa kampuni wa BPRA, leseni ya biashara, mfuko wa hifadhi ya jamii wa ZSSF. Kodi hapa kwetu ina milango miwili, ZRA ya Zanzibar na TRA ya Muungano, na uthibitisho wa mmoja hauzibi pengo la mwengine. Weka tarehe ya kumalizika kwa kila karatasi, na mtu mmoja wa kuifuatilia. Hili halihitaji dola. Kalenda ya simu inatosha.

Soma na sheria, mdogo wangu. Huku tuna Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali za Umma namba 11 ya mwaka 2016, Bara wana yao ya 2023. Zabuni za mtandaoni huku tunaingia mfumo wa e-PROZ, kule NeST iliyoanza 2023 ikachukua nafasi ya TANePS. Ni milango miwili tofauti, na jibu lililoandikwa kwa mlango mmoja usilipitishe kwenye mwengine kabla mwenyewe hajalisoma. Najua nimeshalisema. Nitalisema tena ukinipigia.

Zabuni ikifungwa saa nne asubuhi, wewe iwasilishe jana yake. Sisi tuliokuwa Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu tukisikiliza majenereta, hatusubiri saa ya mwisho kwa jambo lolote linalotaka umeme. Mfumo ukishafunga, hakuna mlango wa kugonga wala mtu wa kumbembeleza.

Hii tuliyoipata juzi, swali la nane lilikuwa karibu sawa na lile la 2018. Programu ikaleta rasimu. Mwenye jibu sasa ni binti mmoja wa Konde aliyekuwa mwalimu kabla hajaja kwetu. Alilifuta lote, akaandika upya kwa kumfuata mtoto mmoja tangu maandalizi, skuli kwa skuli, mtihani kwa mtihani, kisha akampigia mwalimu mkuu aliyewahi kufanya naye kazi ili asomewe. Nilipolisoma nilifunga mlango wa ofisi nikalia.

Kwa hiyo jina la programu sikupi leo. Nitumie majibu yako ya zile zabuni tatu ulizokosa, yote, hata unayoyaonea haya. Pembeni ya kila moja andika jina la aliyeliandika na mwezi alioliandika. Pale usipokumbuka, acha wazi. Mwezi ujao nakuja Pemba kwa boti, nikishuka Mkoani nitakupigia tukae tuyapitie.