Mji Mkongwe, Utazame Kutoka Baharini

Kila mgeni anayeniuliza aanzie wapi hapa Unguja namwambia: kabla hujaingia vichochoroni, panda boti. Mji Mkongwe umejengwa uso wake ukielekea bahari. Masultani na matajiri wa karne ya 19 waliweka majumba yao mbele kabisa, ayaone kila anayeingia bandarini hata hajatia nanga. Ukisimama Barabara ya Mizingani unainua shingo mpaka inauma, huku gari zinakupitia mgongoni. Majini unaliona jengo zima, kuanzia msingi hadi paa.

Tatizo ni kuwa boti nyingi zinazotoka pale Mtini hukata moja kwa moja hadi kisiwa cha Changuu, zikarudi vilevile, na mji wenyewe hakuna aliyeutazama. Basi patana na nahodha mapema, kabla hujatoa hela. Nendeni Changuu mchana, muwaone wale kobe wakubwa ambao asili yao ni Aldabra, Shelisheli, waliofika hapa mwaka 1919. Mkirudi, msishuke. Mwambie apite taratibu kando ya mji, kutoka Malindi hadi Shangani. Iwe saa kumi na nusu hivi. Asubuhi jua linatokea nyuma ya majumba na kuta zote zinakuwa giza. Alasiri linazipiga usoni.

Jengo la kwanza la kulikazia macho ni Dispensari ya Kale. Tajiri Tharia Topan alianza kulijenga mwaka 1887, akafariki kabla halijakamilika, likamalizika 1894. Tazama roshani zake: mbao zimenakshiwa kwa utulivu mkubwa, ghorofa juu ya ghorofa, na vioo vya rangi vimepachikwa katikati. Jua la alasiri likizigusa, unaweza kuufuata mchoro mmoja mmoja. Mimi hapo humwomba nahodha azime mashine kabisa.

Mbele kidogo ni Kasri la Sultani, na baada yake Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha. Sisi tuliokulia hapa bado inatuuma. Kiongozi wa watalii akilipita jengo hili kwa kusema tu "hili ni la zamani", ujue umempata asiyeujua mji.

Kiongozi mzuri atakwambia pia kwamba mlipo nyinyi ndipo zilipopanga safu manowari za Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, zikalipiga kasri mizinga kwa muda usiozidi dakika 45. Meli ya Sultani, Glasgow, ikazama hapahapa, na milingoti yake ilibaki ikichomoza juu ya maji kwa miaka. Habari hiyo ukiisoma kitabuni ni tarehe tu. Ukiwa kwenye maji yaleyale, ukiyaona majumba yalivyo karibu, unafahamu kwa nini vita vile havikufika hata saa moja.

Ngome Kongwe na minara miwili ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu utaviona bila kuonyeshwa.

Sasa ya kuzingatia. Anayekufuata barabarani kukuuzia safari mara nyingi si mwenye boti, kwa hiyo uliza nani hasa atakayekuwa nanyi na nani atakayeeleza. Bei iwe ya boti nzima au ya kichwa, muelewane kabla. Masika, hasa Aprili na Mei, mvua itakuharibia. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, sikiliza nahodha akisema bahari imechafuka, usimlazimishe. Maji yakiwa yamekupwa utaingia mpaka magotini kuifikia boti, kwa hiyo vaa ndara, na simu itie kwenye mfuko wa nailoni. Na majaketi ya kuokolea yawepo ya kila mtu, hata ya watoto, tena myavae kabla boti haijaondoka.