Niandike nini kwenye wasifu wa baba aliyepigana Kagera?

*Shangazi, baba yetu alikuwa askari wa JWTZ, akapigana Vita vya Kagera na kustaafu akiwa sajini. Habari za vita hakutusimulia hata siku moja. Arobaini yake ni wiki mbili zijazo, nimepewa dakika tano nisome wasifu. Baba mdogo anataka niseme aliingia Kampala na kundi la kwanza. Mimi namkumbuka akitupigia kiwi viatu vya shule kila Jumapili jioni. Niandike nini? – Binti wa Sajini, Tabora*

Pole sana na msiba, mwanangu. Viatu viandike. Ila kwanza tafuta hati yake ya kustaafu; mara nyingi hukaa bahasha moja na karatasi za pensheni. Chukua humo tarehe aliyoandikishwa, tarehe aliyostaafu na cheo cha mwisho. Cheo kinakili kama kilivyo: sajini na sajinitaji ni vyeo viwili, na askari wenzake watakaokuwepo watalisikia kosa papo hapo.

La Kampala usimbishie baba mdogo, lakini usiliandike kabla hujalipima. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia Tanzania mwishoni mwa Oktoba 1978. Masaka ilitekwa Februari 1979, Lukaya walipigana Machi, Kampala ikaanguka Aprili 11, vita vikaisha Juni. Na brigedi zetu hazikwenda njia moja. Wengine walipelekwa magharibi, upande wa Mbarara. Mtu aliweza kupigana tangu mwanzo hadi mwisho asiikanyage Kampala, na heshima yake haipungui hata chembe.

Mtafute askari mmoja aliyekuwa naye. Ukimuuliza "vita vilikuwaje?" atakujibu "vigumu", basi. Muulize: mlikuwa kikosi gani? Mto Kagera pale Kyaka mlivukaje, maana daraja lilikuwa limelipuliwa? Nani alilala karibu na baba? Jibu moja la namna hiyo lina uzito kuliko ukurasa mzima wa sifa. Usipompata, sema "alipigana Vita vya Kagera", uishie hapo. Kimya chake nacho kitaje, sentensi moja tu. Mlikua nacho nyumbani, ni sehemu ya maisha yake.

Dakika tano ni maneno kama 500 yakisomwa taratibu. Kuzaliwa, shule na ndoa yape 100, jeshi 150, yote yaliyobaki yawe ya nyumbani. Wasifu mwingi huharibika kwenye ugonjwa: hospitali hii, rufaa ile, hadi marehemu mwenyewe anapotea. Ugonjwa unatosha sentensi mbili.

Ukifika kwenye viatu, usiandike "alikuwa baba mwenye upendo". Andika kopo la kiwi, kitambaa alichotumia, jozi ngapi zilipangwa mlangoni, alisema nini kiatu kikiwa na tope. Upendo watauona wenyewe.

Majina ya watoto yaandike yote, wa kila mama, kwa umri, kisha mkubwa wa ukoo ayapitie siku tatu kabla. Jina moja likisahaulika huzua ugomvi usiokwisha.

Usisomee kwenye simu. Skrini huzima ukiwa unafuta machozi. Chapa kwa herufi kubwa, nakala mbili. Ya pili akae nayo mdogo wako kiti cha mbele, sauti ikikukatika kwenye viatu aendelee yeye.