Serikali tatu, bunge moja: kwa mnaoanza kuandika habari za Italia

Wadogo zangu mlioingia mwezi huu kwenye dawati la habari za nje, mmeniuliza kwa nini nikisikia "serikali ya Italia imeanguka" siinuki kwenye kiti. Siinuki kwa sababu niliwahi kuinuka. Agosti 20, 2019, waziri mkuu Giuseppe Conte alisimama Seneti, akamsema naibu wake Matteo Salvini, kiongozi wa chama cha Lega, aliyekuwa ameketi kando yake kabisa, kisha akatangaza kwamba anajiuzulu. Nikaiwahi taarifa ya habari ya usiku na kuandika kuwa Waitaliano wanarudi kwenye uchaguzi. Hawakurudi. Septemba 5 Conte yuleyule aliapishwa tena, mbele ya Rais yuleyule, akitegemea bunge lilelile. Kilichobadilika ni kwamba Salvini sasa alikuwa mpinzani. Mhariri wangu hakusema kitu, alinitazama tu, na mimi nikatamani angegomba.

Kosa lile lilikuwa la mtu aliyezoea mkuu wa serikali kutoka kwenye sanduku la kura. Kule sanduku la kura linatoa bunge. Bunge ndilo linalozaa serikali, na linaweza kuzaa mbili au tatu kabla miaka yake 5 haijaisha. Kipindi hicho chote wanakiita legislatura na wanakihesabu kwa namba. Mimi naandika "muhula wa bunge". Muhula wa 18 ulianza Machi 23, 2018 na serikali zake zilikuwa tatu: mbili za Conte na moja ya Mario Draghi. Nawafundishia huo kwa sababu una karibu kila mtego nilionasa.

Anzeni na neno rais. Gazeti la Kiitaliano likiandika "il presidente" mnahitaji kuuliza: yupi? Kuna Rais wa Jamhuri, ambaye ni Sergio Mattarella. Kuna rais wa Baraza la Mawaziri, ambaye sisi tunamwita waziri mkuu. Kuna rais wa kila baraza la bunge, yaani spika. Aprili 2018 Mattarella alimtuma kwanza spika wa Seneti, Maria Elisabetta Alberti Casellati, halafu spika wa baraza la pili, Roberto Fico, wakapime kama vyama vinaweza kuelewana. Wote watatu kwenye habari moja ni "presidente". Mwenzetu mmoja alitafsiri harakaharaka, na kwa muda wa taarifa moja Italia ikawa na marais watatu wa nchi.

Jina la baraza hilo la pili nalo lina visa vyake. Mkiandika "Baraza la Wawakilishi", msikilizaji wa Unguja atadhani mnamzungumzia yeye. Mkiandika "bunge la chini", mnapotosha, kwa sababu Italia haina la juu wala la chini: mabaraza yote mawili yana nguvu sawa, na serikali inatakiwa iaminiwe na yote mawili, ikijitokeza mbele yao kuomba imani ndani ya siku 10 tangu iundwe. Mimi natumia "Baraza la Wabunge" na "Seneti".

Sasa muundo. Uchaguzi wa Machi 4, 2018 ulifanyika kwa sheria mpya iliyochanganya mambo mawili: kiasi cha asilimia 37 ya viti kiligombewa jimbo kwa jimbo, na karibu vyote vilivyobaki viligawanywa kwa uwiano wa kura. Baraza la Wabunge lilikuwa na viti 630. Seneti ilikuwa na viti 315 vya kuchaguliwa, pamoja na maseneta wachache wa maisha. Muungano wa mrengo wa kulia ulipata karibu asilimia 37 ya kura. Vuguvugu la Nyota Tano, lililosimama peke yake, lilipata karibu 33 na kuwa chama kikubwa kuliko vyote. Mrengo wa kati-kushoto uliambulia kama 23. Ukitaka wingi wa viti 316 kati ya 630, hakuna aliyekuwa nao. Kwa hiyo siku ya matokeo msiandike "mshindi". Andikeni nani ana viti vingapi, mkalale.

Zilipita karibu siku 90 kabla serikali haijapatikana. Nyota Tano na Lega ya Salvini, waliokuwa wamepigana kampeni nzima, walitia saini mkataba wa kuongoza pamoja. Mkuu wao akawa mwanasheria ambaye hakuwa hata mbunge, yaani Conte. Hapo mjifunze kitu kuhusu Ikulu ya Quirinale. Rais wa Italia hana serikali yake, lakini mawaziri ni yeye anayewateua, waziri mkuu anampendekezea tu. Mei 27 Mattarella alimkataa Paolo Savona kwenye wizara ya uchumi, kwa hofu ya msimamo wake kuhusu sarafu ya euro, na Conte akarudisha jukumu la kuunda serikali. Kesho yake akaitwa mchumi Carlo Cottarelli. Siku tatu baadaye wakarudi kwa Conte, Savona akahamishiwa wizara nyingine, na Juni 1 wakaapa. Mtu aliyeitwa Ikulu huwa anakubali huku ameacha mlango wazi, aende kuhesabu watu kwanza. Mkiandika "waziri mkuu mpya" siku hiyo mmewahi mno. Subirini aape.

Jambo la wabunge kuhamahama ndilo linalowasumbua zaidi wageni, na mimi lilinichukua muda. Kwetu Tanzania mbunge akihama chama anapoteza kiti. Mnakumbuka enzi za "kuunga mkono juhudi", kila aliyehama ilibidi uitishwe uchaguzi mdogo. Italia haiko hivyo. Kifungu cha 67 cha katiba yao kinasema kila mbunge anawakilisha taifa na hafungwi na maagizo ya mtu. Anahama na kiti chake kama konokono na nyumba yake. Asiye na pa kwenda anaingia kundi mchanganyiko, ambalo kila baraza linalo. Muhula ule kuunda kundi lenu kulihitaji wabunge 20, au maseneta 10, na Seneti ilikuwa imeongeza kanuni kwamba kundi litokane na chama kilichoshiriki uchaguzi. Septemba 2019, wiki mbili hivi baada ya serikali ya pili ya Conte kuapa, Matteo Renzi, waziri mkuu wa zamani, alijitoa chama cha Demokrasia, mshirika mpya wa Conte, na kuanzisha Italia Viva, akabaki ndani ya serikali hiyo. Seneti ilipomgomea jina jipya, alisaidiwa na seneta mmoja wa chama cha Kisoshalisti, na kundi likasajiliwa kwa majina yote mawili. Ni ujanja wa kikanuni, lakini kundi hilo ndilo lililokuja kumwangusha Conte.

Kwa sababu hiyo, hesabu ya siku ya uchaguzi haitoshi. Nyota Tano waliingia na wabunge na maseneta zaidi ya 300. Kufikia Julai 2022, baada ya waziri wa mambo ya nje Luigi Di Maio kuondoka na wenzake zaidi ya 50, walikuwa wamebaki karibu nusu, na kundi kubwa la Baraza la Wabunge lilikuwa la Lega. Hakuna Mwitaliano aliyekuwa amepiga kura ya kubadilisha hilo. Wekeni daftari la makundi na mlisahihishe kila mwezi. Inachosha, najua.

Nikifika kwenye kura ya imani naomba mkae vizuri. Kwanza, kura ya imani si kura ya kutokuwa na imani. Ya kwanza serikali inaiomba yenyewe, ya pili inaletwa na wapinzani. Wageni huziandika kana kwamba ni moja. Pili, katika serikali zote tatu za muhula ule hakuna hata moja iliyoshindwa kura. Katika historia yote ya jamhuri, aliyekwisha kuaminiwa kisha akanyimwa imani bungeni ni Romano Prodi peke yake, mara mbili: 1998 kwa tofauti ya kura moja, na 2008 kule Seneti. Wengine wanaondoka kwa njia nyingine.

Angalieni Januari 2021. Renzi aliwatoa mawaziri wake. Conte akaenda kuomba imani: Baraza la Wabunge likampa 321, Seneti 156 dhidi ya 140, na 16 hawakuegemea upande. Ameshinda, sivyo? Ndivyo nilivyoandika. Lakini wingi kamili wa Seneti ulikuwa 161, na serikali yenye 156 haipitishi kitu kigumu pasipo kubembeleza mtu. Januari 26 alijiuzulu. Februari 13 aliapa Draghi, aliyekuwa rais wa Benki Kuu ya Ulaya, na waliomuunga mkono walikuwa karibu kila chama isipokuwa Fratelli d'Italia cha Giorgia Meloni. Seneti ilimpa kura 262 dhidi ya 40.

Julai 20, 2022, Seneti ileile ilimpa Draghi 95 dhidi ya 38. Alishinda tena! Lega, Forza Italia na Nyota Tano hawakupiga kura. Tangu 262 hadi 95 hakuna aliyehitaji kusema hapana. Kesho yake alijiuzulu, na Mattarella akalivunja bunge siku hiyohiyo. Tangu hapo, matokeo ya kura Roma yakiingia, mimi namwambia anayeandika aniletee idadi ya waliotakiwa kuwepo kabla ya idadi ya ndiyo.

Msidhani pia kwamba mambo haya yako mbali na wasikilizaji wetu. Cécile Kyenge, mzaliwa wa Kambove kule Katanga, alikuwa waziri wa utangamano kwenye serikali ya Enrico Letta iliyoundwa Aprili 2013. Februari 2014 Renzi alimpokonya Letta kiti bila uchaguzi wowote, na Kyenge hakurudi barazani. Msikilizaji wa Lubumbashi anastahili kuelezwa hilo kwa sentensi inayoeleweka, asiachwe na neno "mabadiliko" tu. Na Waitaliano wanaoishi Malindi na Watamu wana kura zao: wamo kwenye eneo moja la ng'ambo linalojumlisha Afrika, Asia, Oceania na Antaktika, lenye mbunge mmoja na seneta mmoja.

La mwisho ni la daftari. Septemba 2020 Waitaliano, kwa karibu asilimia 70 ya waliopiga kura, walikubali kupunguza viti, na mabadiliko hayo yalianza na muhula wa 19, uliofunguliwa Oktoba 13, 2022. Kwa hiyo futeni 316 na 161 mlizozikuta kwenye faili zangu. Baraza la Wabunge sasa lina viti 400, wingi wake ni 201. Seneti inachaguliwa watu 200, lakini wingi wake msiuandike kichwani: ulizeni kwanza maseneta wa maisha wako hai wangapi siku hiyo.