Video za harusi kwa DSLR: mbona zinarukaruka juani na kutoa mistari ukumbini?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Mimi ni mpiga picha hapa Morogoro, natumia DSLR (kamera ya lenzi za kubadilishwa) aina ya Canon 700D na lenzi iliyokuja nayo, ile ya 18-55. Picha za mnato zinatoka safi na wateja wanazisifu, ila nikipiga video za harusi na send-off nalalamikiwa. Nje mchana, watu wakitembea wanaonekana wanarukaruka. Ukumbini usiku kuna mistari ya giza inapanda na kushuka kwenye picha, na chenga, vile vidoa vidogo kama mchanga, zimejaa. Gauni la bibi harusi linang'aa lakini uso wake unatoka mweusi. Sauti ndiyo kabisa, MC anasikika kama yuko ndani ya pipa. Wenzangu wananiambia niuze kamera hii nitafute ya 4K. Unanishauri nini?

JIBU: Ndugu yangu, usiuze kamera kwanza. Karibu kila tatizo ulilotaja utahama nalo hadi kwenye hiyo ya 4K, kwa sababu hayatokani na wingi wa pikseli. Yanatokana na kuiachia kamera ijipangie yenyewe. Kwenye picha ya mnato kamera ikikosea kidogo unapiga nyingine. Kwenye video inaendelea kubadili uamuzi huku mtazamaji anaona, na mwenye harusi hawezi kurudia kuingia ukumbini.

Kwa hiyo anza hivi. Swichi ya kuwashia isukume hadi alama ya video, kisha gurudumu la juu liweke kwenye M. Ingia kwenye menyu, mfumo wa video uwe PAL, halafu chagua 1920x1080 kwa fremu 25 kwa sekunde, yaani picha 25 zinazofuatana. Hapo kwenye PAL usipapite haraka. Kamera nyingi zinauzwa zikiwa zimewekwa NTSC yenye fremu 30, na hicho ni kipimo cha nchi ambazo umeme wake ni tofauti na wetu. Nitakurudisha hapo baada ya muda mfupi.

Sasa shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha; 1/50 ni sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Wewe umezoea picha, na kwenye picha shata ni chombo cha kupunguza mwanga: jua likiwa kali unapanda hadi 1/1000 na maisha yanaendelea. Kwenye video ruhusa hiyo huna. Ukipiga fremu 25 kwa sekunde, shata iwe 1/50, yaani mara mbili ya idadi ya fremu, na ikae hapo. Katika muda huo mkono unaopunga unaacha ukungu mdogo ndani ya kila fremu, na ukungu huo ndio unaoliunganishia jicho fremu moja na inayofuata. Ukiiacha kamera juani ipande hadi 1/1000, kila fremu inagandisha mwendo kabisa, jicho linakosa kiungo, na maharusi wanatembea kwa kuruka. Huo ndio ugonjwa wako wa mchana, na hauhusiani na ubora wa kamera.

Utauliza, nikikaa 1/50 juani si picha itaungua? Itaungua, na ndiyo maana kuna filta ya ND, kioo cheusi kinachofungwa mbele ya lenzi kupunguza mwanga bila kubadilisha rangi. Tupige hesabu. Jua la saa sita bila mawingu, kwa ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na shata ya 1/50, linadai tundu la lenzi liwe f/22 hivi; namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Ukitaka f/4, ili nyuma ya maharusi pawe na ukungu wa kupendeza, umefungua hatua tano, na kila hatua ni mara mbili ya mwanga: mara 32. Basi filta yako ni ND32. Zipo ND za kuzungusha zinazobadilika kiwango, na kwa kazi ya harusi, ya kutoka kanisani kwenda kivulini na kurudi juani, ndizo ningezinunua mimi. Ila usizizungushe hadi mwisho, maana zinaleta msalaba mweusi katikati ya picha. Kabla ya kwenda dukani, soma namba iliyo mbele ya lenzi yako baada ya alama ya duara lililokatwa, ndiyo kipenyo cha filta.

Mistari ya ukumbini ni suala la umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi zinazotumia umeme huo hupanda na kushuka mwanga mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Ukiwa na shata ya 1/50 kila fremu inapokea mapigo mawili kamili ya mwanga. Ukiwa na 1/100 inapokea moja. Ukiwa na 1/60 au 1/125 pigo linakatwa katikati, sehemu moja ya fremu inapata mwanga na nyingine inakosa. Hiyo ndiyo mistari yako, na ndiyo sababu nimekusisitizia PAL: mwenye fremu 30 kwa sekunde anaishia kwenye 1/60 na anagombana na taa usiku kucha. Hali ni ngumu zaidi kwa taa za LED za jukwaani, kwani nyingi hupunguzwa mwanga kwa kuzimwa na kuwashwa haraka sana kwa mwendo wake zenyewe. Mwombe fundi taa aziongeze hadi mwisho, mistari hupungua au kuisha. Na umeme ukikatika, jenereta likaelemewa, hezi zinaweza kuyumba. Jaribu 1/40, 1/50 na 1/100 ukitazama kioo, ubaki na ile iliyotulia.

Chenga zako naamini zinatokana na lenzi. Hiyo 18-55 ukiivuta hadi mwisho, tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6, kwa hiyo kamera inafidia kwa kupandisha ISO. Lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo ni miongoni mwa za bei nafuu kabisa kwa Canon, inaingiza mwanga zaidi ya mara tisa ya hapo. Pale ulipolazimika kupiga ISO 6400 utapiga 800, na kwa 700D tofauti ya hizo mbili ni kubwa mno. Lakini usiipige f/1.8 muda wote. Tundu likiwa wazi hivyo nawe uko karibu, pua ikiwa kwenye fokasi sikio halimo, na bibi harusi akisogea hatua moja umempoteza. Watu wawili wanaocheza wape f/2.8 au f/4. Kabla ya kurekodi, bonyeza kitufe cha kukuza picha kwenye kioo, rekebisha fokasi kwa mkono machoni pa mhusika, kisha rekodi.

Uso mweusi na gauni linalong'aa ni jambo ninaloliona kwenye video nyingi za harusi zetu, na linaniuma, maana mtu amelipa apendeze. Kamera ikipima yenyewe inachukua wastani wa kilicho mbele yake. Gauni jeupe, mapambo meupe na ukuta mweupe vinaiambia mwanga umezidi, inapunguza, na uso wa mtu mwenye ngozi nyeusi unazama. Ukiwa kwenye M, pima kwa uso. Msogelee bibi harusi akiwa bado chumbani, pandisha ISO au fungua tundu mpaka mashavu na paji la uso vionekane vizuri, halafu tazama nyuzi za gauni. Zikiwa bado zinaonekana, umemaliza. Zikiwa zimeungua, shuka hatua moja tu na mwongezee mwanga usoni. Usijipe moyo kwamba utamng'arisha wakati wa kuhariri: video ya kamera hizi ni ya biti 8, yaani ina ngazi chache za rangi, na imebanwa sana, kwa hiyo uso uliopigwa gizani ukiinuliwa unakuja na chenga na mabaka.

Mwanga wenyewe nao usitoke juu ya kamera moja kwa moja. Ngozi nyeusi inapendeza kwa mwako unaorudi kutoka kwenye chanzo kipana: dirisha, ukuta mweupe, taa ya LED iliyopigwa kwenye kitambaa cheupe upande mmoja wa uso. Taa ndogo kali ya mbele inaacha doa la mng'aro kwenye paji la uso na kuua umbo lote. Ukipata nafasi ya kumgeuza bibi harusi akaelekea dirishani, mgeuze.

Rangi ziwekee msimamo pia. 700D haina sehemu ya kuandika Kelvin, namba ya kupimia rangi ya mwanga, lakini unaweza kupiga picha ya karatasi nyeupe chini ya taa za ukumbi na kuiteua kwenye menyu iwe kipimo cha weupe. Bila hivyo uso utabadilika rangi kila taa ya zambarau ikipita. Mtindo wa picha uwe Neutral, ukali ushushwe hadi sifuri. Ukali mwingi unazidisha mawimbi ya rangi kwenye mashati ya mistari myembamba na vitenge vya nakshi ndogo, kwa sababu kamera za kizazi hiki huruka baadhi ya mistari ya pikseli zinapopunguza picha kuwa video. Mawimbi yakitokea, badilisha umbali au zumu.

Kutikisika sitakichambua sana. Stendi yenye kichwa cha majimaji kwa hotuba, stendi ya mguu mmoja kwa kutembea na watu, na usigeuze kamera kwa kasi, maana nguzo zitaonekana zimelala.

Sauti, hapana, haitengenezwi na kamera yoyote utakayonunua. Maiki iliyo juu ya kamera iko mbali na mdomo wa MC, inachosikia ni spika zikigonga kuta. Suluhisho ni ukaribu. Weka rekoda ndogo kwenye mikisa ya DJ, ukihakikisha imewekwa kupokea sauti ya laini, ambayo ina nguvu kuliko ya maiki, maana ukiichomeka kwenye tundu la maiki sauti itapasuka. Kwa viapo, maiki ya kubana kwenye koti la bwana harusi na simu mfukoni, imewekwa hali ya ndegeni, inatosha kabisa. Kamera nayo irekodi sauti yake hata kama ni mbaya, programu ya kuhariri itazilinganisha. Ukichomeka maiki kwenye kamera, tazama pini: ya kamera ina mikanda miwili myeusi, ya simu ina mitatu, na hiyo ya simu inahitaji kiunganishi. Kiwango cha sauti kiweke kwa mkono, kelele kubwa zigote karibu na -12 kwenye kipimo cha sauti cha kamera. Kumbuka 700D haina tundu la hedifoni, kwa hiyo piga nusu dakika ya majaribio, icheze, usikilize.

Jambo la mwisho kabla hujakubali kazi nyingine: kamera hii inasimama yenyewe kurekodi ikifika dakika 29 na sekunde 59. Kwenye ibada au hotuba ndefu, simamisha na uanze kurekodi upya wewe mwenyewe pale watu wanapopiga makofi, rekoda ya sauti ikiendelea.

Fedha ulizotaka kuziongezea kwenye kamera ya 4K zinunulie rekoda na maiki kwanza, kisha 50mm, kisha ND. Pia omba ufunguo wa ukumbi siku moja kabla, taa zote zikiwa zimewashwa, ukapime shata na rangi bila presha ya wageni.