Mti wa langoni haujafa

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza kama ule mti wa langoni umekauka, ili mwenye msumeno aje Jumamosi tupate kuni, nawe upate pa kuegesha gari. Mwambie asije.

Ulifika mwezi wa pili, saa saba mchana, vumbi la Rongai limetanda, ukaona matawi matupu. Ndivyo ulivyo mti huo. Kiangazi kikikolea hupukutisha majani usipoteze maji, kisha huchanua hivyo hivyo, uchi, maua mekundu kama makaa. Umesahau? Ndio wenye zile mbegu nyekundu za doa jeusi mlizokuwa mkichezea, mama yenu akiwafokea msizitie mdomoni kwa sababu zina sumu.

Ukitilia shaka mti, kwangua gome la tawi kwa ukucha. Ukikuta kijani chenye unyevu, uache. Mimi nilijua hayo kwa hasara. Mwaka 2009, ukame umetubana, niliukata mwenzake uliokuwa karibu na zizi. Shoka lilizama kwenye mti mbichi, na kuni zenyewe zikawa za kufuka moshi tu. Mama yako alizitupa nje na sufuria ikiwa bado haijachemka.

Siku nyingine usilale hadi jua liwe kali. Toka saa kumi na mbili na nusu, simama kimya karibu na lango. Utawaona ndege wadogo waitwao chozi wakining'inia kwenye maua, midomo imezama ndani wakifyonza utamu wake, vichwa vimepakaa chavua. Ikifika saa tano hata mmoja humwoni, wote wamejificha vivulini. Nanyi wa mjini ndipo mnaamka na kusema shamba limekufa!

Kuhusu wale hua walioachama midomo juu ya uzio: hawaumwi. Ndege hatoki jasho. Hujipoza kwa kuhema haraka, koo likitetema, kama kuku wetu mchana. Kuku wa kutia wasiwasi ni yule anayeachama asubuhi kungali baridi. Huyo mwitie daktari wa mifugo.

Na nyuki waliokutisha kwenye hori la ng'ombe wanateka maji tu. Huyapeleka mzingani, wakayatandaza juu ya masega na kuyapepea kwa mabawa mpaka ndani kupoe, nta isilainike. Nimewatilia vijiti majini wasizame. Ile dawa ya kupuliza uliyosema utanunua, iache huko huko dukani.

Gari utaliweka nyuma ya ghala. Kivuli hakuna, kwa hiyo funika usukani kwa kitambaa, la sivyo utakuunguza.

Ni mimi,
Baba yako