Nenda Saa Moja Jioni

Siku niliyokwenda kumtafutia mama nafasi katika makao ya wazee hapa Nakuru, nilifika saa nne asubuhi. Sakafu imepigwa deki, wazee wameogeshwa na kupakwa mafuta hadi miguu inameremeta, wameketi uani wakiota lile jua letu linalokuja baada ya baridi ya usiku. Meneja akanizungusha: jikoni, chumba cha maombi, kitabu cha wageni chenye sahihi za watu wakubwa. Nikatoa simu nikalipa miezi mitatu palepale.

Niliponzwa na saa. Saa nne asubuhi hakuna makao mabaya. Mtu mwenye dimenshia kama mama, ule ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, mara nyingi huanza kuhangaika jua linapoelekea kuzama: anazunguka, analia, anaulizia watu waliokufa zamani, anataka kwenda kwao. Na hapo ndipo zamu inapobadilishwa, mpishi anafunga jikoni na meneja ameshaondoka na gari lake. Ukitaka kujua mzazi wako ataishije, bisha hodi saa moja jioni bila kupiga simu kwanza. Ukizuiwa getini ukaambiwa urudi kesho asubuhi, umeshajibiwa.

Mimi nilibisha hodi wiki ya tano, tena kwa bahati tu, kwa kuwa matatu ya kutoka Njoro iliharibika njiani nikachelewa. Nilimkuta mama sebuleni kwenye kiti cha plastiki, leso yake mwenyewe imezungushwa kiunoni na kufungwa fundo nyuma ya kiti. Televisheni inapiga kelele. Wazee wengine walikuwa wamelazwa tangu saa kumi na moja na nusu, mchana mweupe. Mhudumu alikuwa mmoja, msichana mdogo, na wazee kumi na wanne mikononi mwake hadi kuche. "Tumemfunga asianguke, mum," aliniambia, na niliona usoni kwamba anaamini anachosema. Sikuweza kumkasirikia yeye. Mtu mmoja, wazee kumi na wanne, na kati yao kuna asiyetulia: hata mimi ningeitafuta leso.

Kwa hiyo watu wakinipigia simu siku hizi kuniuliza habari za makao, nawaambia wasianze na bei. Waanze na hili: usiku mnabaki wangapi? Halafu: mzee akitaka kutembea, mnafanya nini? Ukisikia habari za kufuli, aga. Wanaojua kazi watakueleza mambo madogo madogo. Geti limefungwa lakini milango ya nyumba iko wazi. Kuna kinjia uani kinachomzungusha mtu na kumrudisha alipoanzia. Vitanda ni vya chini, taa ya kuelekea chooni haizimwi, mzee anavaa viatu vinavyoshika mguu badala ya malapa, na kuna mtu wa kumpeleka haja kila baada ya muda, kabla hajaamka mwenyewe kupapasa gizani. Mama aliwahi kuanguka mara mbili nyumbani kwangu, na mara zote mbili alikuwa akitafuta choo.

Nilipolalamika, leso ilitoweka. Wiki mbili baadaye mama akawa mpole ajabu. Anasinzia mchana kutwa, udenda unamtoka, mikono imekakamaa, akiinuliwa anaburuta miguu. "Ametulia," niliambiwa, kama mtu anayeletewa habari njema. Nikaomba karatasi ya dawa. Ilichukua siku tatu kupatikana, na humo nikakuta haloperidol kila jioni, pasipo jina la daktari aliyeiandika. Hiyo ni dawa ya magonjwa ya akili kama skizofrenia. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba dawa mpya za jamii hiyo huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimenshia, na mwaka 2008 ikalipanua onyo hilo hadi zile za zamani, haloperidol ikiwa mojawapo. Kwa dimenshia ya aina ya Lewy ndiyo usiseme, madhara yake yanaweza kuwa makubwa mno. Sisemi daktari hawezi kuiandika kamwe. Mzee anaweza kufika mahali pa kupiga wenzake au kuona mambo ya kutisha ukutani, daktari akampa kiasi kidogo kwa muda mfupi huku akimfuatilia. Lakini bila daktari, bila tarehe ya kuangalia upya, ile ilikuwa leso iliyosagwa ikawa kidonge.

Hapa niseme jambo la makaratasi nipite. Makao yakijisifu yana nesi, omba kuona leseni yake ya Baraza la Wauguzi. Nesi wa kweli hanuni akiulizwa. Na uulize ada ya mwezi inabeba nini, kwa sababu kwetu daipa, dawa na hata sabuni zilikuja kwenye bili ya pembeni.

Nirudi kwa mama, maana lililoniuma kuliko leso na kidonge ni jambo ambalo sikuwahi kulifikiria.

Mama ni mtu wa ziwa. Miaka zaidi ya thelathini aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Kibuye, Kisumu, na alilelea watoto sita juu ya meza ile. Alikuwa na Kiswahili cha soko, Kiingereza cha kanisani, na Kigujarati cha kutosha kubishana bei kwenye maduka ya Wahindi. Ugonjwa ulipoingia, lugha zilimtoka moja baada ya nyingine, iliyoingia mwisho ikitoka kwanza, hadi ikabaki Dholuo, lugha ya kwao, peke yake. Wahudumu wa kule walikuwa vijana wa hapahapa Nakuru, wakimwita "shosho", yaani bibi. Kwa heshima kabisa. Tatizo ni kwamba mama hakujua shosho ndiye yeye, kwa hiyo hakuitika, nao wakaandika kwamba masikio yamekufa.

Alikuwa akisema "pii, pii" mchana kutwa. Wakadhani ni sauti tu, kama mtoto anavyobwabwaja. Pii ni maji. Alikuwa akiomba maji. Akisema "layo", yaani haja ndogo, hakuna aliyeelewa, akajikojolea, na kwenye daftari ikaandikwa hawezi kujizuia. Tangu siku hiyo akavishwa daipa asubuhi hadi asubuhi. Mtu aliyekuwa akiomba choo kwa ufasaha.

Asiyekunywa maji hupata maambukizi ya njia ya mkojo kwa urahisi, na kwa mzee mwenye dimenshia maambukizi hayo hayaji lazima na homa wala maumivu ya kuelezeka. Huja kama wazimu. Ndani ya siku mbili mama aliacha kula, akawa hanitambui, anavuta vitu hewani kwa vidole. Makao yakaniambia ugonjwa wake umepanda ngazi. Karibu niamini, kwa kuwa aina aliyo nayo inatokana na mishipa ya damu ya ubongo, matokeo ya presha ya miaka mingi, na aina hiyo kweli inaweza kumshusha mtu kwa ghafla akipata kiharusi. Tulikuwa tumeelezwa hayo Hospitali ya Jaramogi kule Kisumu, ile wenyeji tunayoiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Warusi. Lakini basi, hata kama ni kiharusi, si hospitali? Nilimpakia kwenye teksi. Mkojo ukapimwa, akapewa antibiotiki na maji ya mshipa, na baada ya siku nane akanitazama na kuuliza kwa nini nimekonda.

Ukikumbuka kitu kimoja tu katika maneno yangu haya, kiwe hiki: dimenshia yenyewe kwa kawaida hushuka polepole, kwa miezi na miaka. Mtu akibadilika kati ya Ijumaa na Jumapili, kuna jambo jingine. Mkojo, nimonia, malaria, choo kilichogoma, dawa mpya, kiharusi. Makao yanayosema "ndivyo ugonjwa wao ulivyo" bila kupima chochote yatakuzikia mzazi kabla ya siku zake.

Tukamhamishia Kisumu. Hapo nilipata upinzani wa pande mbili. Kaka zangu waliona Kisumu ni mbali nami, mwendo wa saa nne kwa matatu kupitia Kericho, na mimi ndiye niliyekuwa nikimtembelea. Mjomba naye aliona makao yoyote ni kumtupa dada yake. Alinisomea Katiba ya 2010 kwenye simu, kifungu cha 57, kwamba mzee ana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa na kupata matunzo ya familia na ya Serikali. Akalivuta lile neno "familia" kama mpira. Nilimuuliza kama ana chumba. Upande wa Serikali, mama anapata Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliofika miaka 70, nazo kwetu huishia kwenye daipa. Nusu ya mshahara wangu ndiyo hulipa makao. Sijutii, ila sitadanganya kwamba haiumi.

Makao ya Kisumu niliyaendea saa moja jioni, Jumamosi, bila taarifa. Ukutani rangi imebambuka. Kuna mbuzi uani. Mvua ikinyesha mabati yanakutoa masikio. Lakini getini nilikuta mzee ameshika mfuko wa nguo, anasema "adwaro dhi dala", nataka kwenda nyumbani, na kando yake mhudumu wa kiume anamuuliza kwa Dholuo ng'ombe wa hiyo dala ni wangapi, na yule mwenye pembe iliyovunjika bado yupo? Walizunguka ua mara mbili wakihesabu ng'ombe. Mzunguko wa tatu ukaishia mezani. Hakuna aliyemwambia mzee kwamba dala yake haipo tena, wala aliyemdanganya kwamba gari linakuja. Nilisimama pale na mbuzi nikijua nimefika.

Kwa kuwa mimi niko mbali, wifi yangu anayekaa Mamboleo ndiye mkaguzi wetu. Hapangi siku. Akifika anamvua mama soksi na kutazama visigino, kisha nyonga na mfupa wa chini ya mgongo, maana vidonda vya kulala huanzia hapo, na doa jekundu lisilofifia ukilibonyeza ni kidonda kinachokuja. Asiyeweza kujigeuza anapaswa kugeuzwa karibu kila baada ya saa mbili, usiku pia. Anatazama kama midomo imekauka. Anauliza uzito wa mwezi huu na wa mwezi uliopita. Mwezi mmoja hawakuwa na jibu. Tukanunua mizani, tukaiacha pale. Na anajitahidi afike wakati wa chakula, aone kama mama ameketi wima na kama anapewa muda wa kumeza kabla ya kijiko kingine. Baada ya kula hatakiwi kulazwa hapohapo, angalau nusu saa. Samaki tulibishana nao sana. Waliogopa miiba, na wana haki, lakini huwezi kumnyima samaki mtu wa Kibuye hadi afe. Sasa wanamchambulia ngege kwa mkono na kumchanganyia kwenye ugali laini wenye mchuzi.

Jioni wanampa sinia la maharagwe achambue, kama alivyokuwa akichambua omena na mchanga wake. Anachambua hadi usingizi unamkuta. Nimekuja kugundua kwamba akishalala wanayachanganya tena kwa ajili ya kesho, na sijaamua kama hilo linaniudhi.

Kabla hujampeleka mtu wako, andika ukurasa mmoja kumhusu, kwa mkono, ubandikwe ndani ya mlango wa kabati lake. Makao ya kwanza sikuandika. Ya pili niliandika: pii ni maji, layo ni haja ndogo. Aitwe Min, yaani mama wa, kisha jina la kifungua mimba wake, na ataitika. Presha, dawa zake na saa zake. Anaogopa mlango ukigongwa kwa nguvu. Usiku mpigie wifi kwanza, si mimi. Likitokea la kutokea, hazikwi mjini, anarudishwa dala.

Mwezi uliopita nilifungua lile kabati nikitafuta sweta. Chini ya maandishi yangu mtu ameongeza mstari kwa kalamu nyekundu: "Mwache anawe mikono kwanza ndipo umpe chai. Bila hivyo anamwaga." Nilikuwa nimeishi naye miaka arobaini na sikuwahi kuliona hilo. Nikakumbuka ile karai iliyokuwa chini ya meza Kibuye, na maji yake yaliyonuka omena.